Mashine ya Kufulia Zulia Inatoa Povu au Haivuti: Anzia Hapa Kabla ya Kununua Mota

Kila Ramadhani ikikaribia, watu wa Mombasa hutoa mazulia: ya sebuleni, ya madrasa, ya msikitini. Na kila msimu huo vijana walioingia kazi hii karibuni hunipigia kwa maswali yale yale mawili. La kwanza: "Mashine inalia lakini haivuti, ninunue mota?" La pili: "Povu linatoka nyuma ya mashine, ni kawaida?"

Si kawaida. Na mota usinunue bado. Mara nyingi mota iko salama na upepo unapotelea njiani, kwenye raba ya mfuniko, kwenye mpira (lile bomba la kuvutia maji) uliopasuka au kwenye koki isiyofunga. Ila povu ukiliacha litembee bila kulishughulikia, mota hiyo iliyo salama leo utaizika mwezi ujao. Nimeandika haya ili ujue kutofautisha mambo mawili yanayofanana sana kwa macho: povu, na kuvuja kwa upepo. Yote mawili huacha zulia chepechepe, na kwa unyevu wa pwani zulia chepechepe halikauki upesi. Siku ya pili linaanza kunuka uvundo, na mwenye nyumba hatakuita tena.

Nadharia ni hii tu. Mota haifyonzi maji. Inafyonza upepo kutoka ndani ya tangi la maji machafu. Tangi likiwa limefunga vizuri, upepo wa kuziba pengo hauna njia nyingine ila kupitia mdomo wa fimbo, ile unayoiburuta kwa mkono, pale kwenye zulia, na ukipita hapo unabeba maji. Ndani ya tangi maji hudondoka chini, upepo unaendelea juu hadi kwenye mota, kisha unatoka nje. Kati ya tangi na mota kuna boya: maji yakijaa, boya hupanda na kuziba njia. Povu ni jepesi, haliwezi kulinyanyua boya inavyotakiwa. Linapita pembeni yake na kuingia kwenye mota.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Bisibisi ya nyota na ya bapa, pamoja na kisu chenye makali.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kifuniko bapa cha ndoo au kipande cha plastiki ngumu, kipana kuliko tundu la mpira.
- Ukurasa mmoja wa gazeti.
- Ubani au kijiti cha udi, na kiberiti.
- Kikombe cha kupimia chenye alama za mililita.
- Dawa ya kuua povu. Wauzaji wa vifaa vya usafi wanayo, ya maji au ya unga.
- Siki nyeupe, chupa moja.
- Tepu pana, klipu za mpira za chuma, na raba laini ya sponji ya kuzungushia mfuniko.

Halafu jambo la umeme, na hapa nakuomba usome polepole. Umeme wetu ni volti 240 na wewe unafanya kazi umesimama kwenye sakafu yenye maji. Usitumie plagi iliyokatwa mguu wa athi. Usiweke ekstensheni chini kwenye maji, ining'inize kwenye kiti au dirisha. Kila hatua inayohitaji kufungua mashine, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Kwanza sikiliza

Kabla ya kushika bisibisi, mwaga maji yote, funga mfuniko, washa mota ya kuvuta na usikilize. Kisha ziba mdomo wa fimbo kwa kile kifuniko bapa na usikilize tena.

Sauti ikipanda ikawa nyembamba kama filimbi, mfumo umefunga. Tatizo lako huenda ni povu, au ni namna unavyoivuta fimbo. Sauti isipobadilika, ikabaki nzito vile vile kama vile hujaziba kitu, upepo unaingilia mahali pengine na una kazi ya kutafuta tundu. Sauti ikiwa nyembamba tangu mwanzo, hata kabla hujaziba chochote, njia imeziba: boya limenasa juu, au kuna nywele na nyuzi zimekwama kwenye mpira. Na mota ikikoroma kama mtu mwenye mafua huku tundu la nyuma linatema matone, zima sasa hivi. Hilo ni povu na limeshafika kwenye mota.

Nenda sehemu inayokuhusu. Ila wanaoanza nawashauri wazipitie zote mbili, kwa sababu mashine nyingi ninazoletewa zina matatizo yote mawili kwa pamoja.

Sehemu ya kwanza: povu

Chanzo kikubwa cha povu hakiko kwenye mashine yako, kimo ndani ya zulia. Nyumba nyingi huku zulia hufuliwa na wenyewe kwa sabuni ya unga na brashi, linasuuzwa juu juu, linaanikwa ukutani. Sabuni inabaki ndani ya manyoya. Tena kama walitumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni haikutoa povu, wakaongeza, haikutoa, wakaongeza tena. Siku unayokuja wewe na maji matamu ya mfereji, sabuni ya miaka miwili inaamka yote pamoja.

Mota yangu ya kwanza iliungua hivyo, kwenye nyumba moja Tudor. Zulia jekundu la futi 9 kwa 12, mama mwenye nyumba analifua kila mwezi kwa mikono yake. Nilipovuta mistari minne hivi, nikaona kitu cheupe kinashuka ubavuni mwa mashine, kinafura polepole, kama tui lililosahauliwa jikoni. Nikapangusa kwa kitambaa nikaendelea, maana nilitaka kumaliza kabla ya adhuhuri. Mstari wa saba kukatoka harufu ya waya unaoungua na cheche za buluu kwenye tundu la nyuma. Fundi alipofungua, beringi zilikuwa zimejaa ute wa sabuni. Malipo ya kazi ile hayakufika hata nusu ya bei ya mota.

1. Pima zulia kabla ya kulikubali. Chagua kona, mwagia kikombe kimoja cha maji matupu ya uvuguvugu, sugua kwa brashi mara kumi. Usitie dawa yoyote. Povu likisimama, zulia hilo lina sabuni ya zamani. Mwonyeshe mwenyewe palepale na umweleze kwamba kazi ni ya kusuuza na itachukua muda zaidi. Elewaneni bei hapo, usingoje mwisho.

2. Weka dawa ya kuua povu kwenye tangi la maji machafu. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Ukimaliza kuimimina tangini, vuta kiasi kidogo pia kupitia fimbo ili dawa ipake ndani ya mpira, maana povu jingi huzaliwa humo mpirani, maji na upepo vinapokimbizana. *Kosa ninaloliona sana:* watu huitia kwenye tangi la maji safi. Usifanye hivyo. Inaziba nozeli na inabaki kwenye zulia la mteja.

3. Pima sabuni yako kwa kikombe, usikadirie kwa jicho. Chupa ikisema sehemu 1 kwa 40, lita 10 za maji zinataka mililita 250. Usizidishe. Na sabuni ya vyombo, shampuu ya nywele na sabuni ya unga zisiingie kwenye mashine hii kabisa, hata kama mteja anakusisitizia kwamba ndiyo inayong'arisha. Hizo zimetengenezwa zitoe povu.

4. Zulia lenye sabuni ya zamani, anza kulisuuza kwa maji matupu. Usitie dawa kwenye tangi la maji safi. Sabuni iliyomo inatosha kulifua mzunguko wa kwanza, wakati mwingine hata wa pili. Likiendelea kutoa povu, changanya kikombe kimoja cha siki nyeupe kwa lita 4 au 5 za maji, nyunyiza, vuta, kisha suuza kwa maji matupu. Jaribu kwanza kwenye kona iliyofichika na usubiri dakika 10 uone kama rangi inachuja. Suuza mashine nayo ukimaliza, siki isilale kwenye pampu.

   *Onyo:* siki na jiki visikutane kamwe, iwe ndani ya mashine, ndooni au sakafuni. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Muulize mwenye nyumba kama sehemu hiyo imemwagiwa jiki kabla hujafungua chupa ya siki.

5. Mwaga tangi likifika nusu. Usingoje lijae. Povu linahitaji nafasi juu ya maji, na likikosa nafasi linapanda kwenye boya. Kila ukimwaga, rudisha dawa ya kuua povu, kwa sababu ile ya mwanzo imetoka na maji.

6. Povu likishafika kwenye mota, zima, chomoa, mwaga tangi, toa mpira, pangusa boya na wavu wake. Kagua: kuna harufu ya kuungua? Ulikuwa umeona cheche? Kama ndiyo, usiwashe tena, peleka kwa fundi. Kama hakuna, hakikisha hakuna maji yanayochuruzika kwenye mota, washa tundu la mpira likiwa wazi na uiache ivute upepo mkavu kwa dakika 5. Unyevu uliobaki utatoka nyuma. Ukizima ikiwa imelowa na kuifungia stoo, hewa yetu ya chumvi itakula beringi.

Kuna anayeniuliza: dawa ya povu imeniishia katikati ya kazi, nifanye nini? Maji ya kulainishia nguo, yale ya kusuuzia, yanapunguza povu. Mimina kifuniko kimoja ndani ya tangi la maji machafu umalize mistari iliyobaki. Ni ya kuokoa siku tu. Mafuta ya kupikia, ambayo baadhi ya vijana hutumia, sikubaliani nayo: yanavunda tangini na kulainisha raba mpaka zinalegea.

Sehemu ya pili: kuvuja kwa upepo

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi. Mtu anabadilisha mpira, mashine haivuti. Anabadilisha fimbo, haivuti. Tatizo lilikuwa punje za mchanga kwenye koki. Njia yangu ni kugawa mashine vipande na kukipima kimoja kimoja, kuanzia karibu na mota kuelekea nje. Usiruke.

7. Pima tangi peke yake. Toa mpira. Washa mota, ziba tundu la mpira kwenye tangi kwa kifuniko bapa. Usitumie kiganja, na pete au bangili vua. Sauti ikipanda na kifuniko kikang'ang'ania, tangi, mfuniko na mota ni wazima, nenda hatua ya 11. Sauti isipopanda, tundu liko hapa hapa, endelea na 8.

8. Jaribu mfuniko kwa gazeti. Zima. Kata vipande vya gazeti vyenye upana wa vidole viwili. Weka kipande kati ya mfuniko na tangi, funga, kivute. Kikitoka kirahisi, raba haibani hapo. Rudia kila baada ya shibiri moja, mzunguko mzima. Mara nyingi utakuta mahali pamoja tu palipolala, kwa kawaida upande wa kufuli, kwa sababu mfuniko umekuwa ukifungwa usiku na mchana na raba imechoka.

   Kabla ya kubadilisha, ioshe raba na mfereji wake. Unywele mmoja unatosha kuvujisha upepo. Ikiwa imekakamaa au imelala kabisa, ing'oe, pangusa gundi ya zamani, bandika mpya ya sponji yenye unene ule ule, na kiungo cha miisho miwili kikae upande wa nyuma. *Kosa:* kupaka silikoni mzunguko mzima na kufunga juu yake. Siku ya kufungua utavunja mfuniko. Mafuta ya kujipaka ya petroli nayo yanaharibu raba nyingi. Ukitaka kuilainisha, tafuta mafuta ya silikoni.

9. Kagua koki ya kumwagia maji machafu. Ifungue, piga tochi ndani. Mchanga wa Nyali na Bamburi huingia na zulia na kukaa pale koki inapofungia. Suuza, sugua kwa mswaki mkuukuu, funga tena. Kisha tia maji kidogo tangini uone kama koki inadondosha. Inayodondosha maji hakika inavuta upepo, lakini isiyodondosha bado inaweza kuwa inavuta, kwa hiyo isikudanganye.

10. Kama hujaona kitu, washa udi. Zima feni, funga madirisha, hamisha dawa zote zenye spiriti. Washa mashine tundu la mpira likiwa limezibwa, kisha pitisha moshi polepole: ukingo wa mfuniko, koki, viungo, na sehemu mota inapokalia tangi. Moshi wa udi hupanda wima kwa utulivu. Ukifika penye ufa utaukuta umepinda ghafla na kuingia ndani kama uzi unaovutwa kwenye tundu la sindano. Tia alama kwa kalamu hapo hapo. Usijaribu kwa sabuni kama watu wa gesi wanavyofanya. Gesi husukuma nje na kutoa mapovu, mashine hii inavuta ndani, na utakachofanya ni kuilisha sabuni.

    Ufa kwenye tangi la plastiki hauzibwi kwa gundi, maana plastiki ya matangi mengi haishiki gundi. Mafundi wanaochomelea plastiki, wale wanaotengeneza bampa za magari, wanaliweza. Tepu itakufikisha jioni tu.

11. Pima mpira. Ufunge kwenye tangi, ziba mwisho wake wa mbali, washa. Sauti isipopanda, upitishe mkononi futi kwa futi ukiukunja. Ufa mwingi hufunga mpira ukiwa umenyooka na kufunguka ukikunjwa, kwa hiyo usiukague ukiwa umelala chini. Kaa sana kwenye miisho miwili, karibu na viungio, kwani hapo ndipo unapokunjika kila siku. Ufa ukiwa shibiri moja kutoka mwisho, bahati yako: kata, pachika kiungio upya, kaza klipu. Viungio vingine huzungushwa kinyume cha kawaida, jaribu pande zote mbili kabla ya kutumia nguvu. Na usiubebe mpira juu ya tuktuk kwenye jua la saa saba halafu ukashangaa umekakamaa.

12. Pima fimbo na mdomo wake. Mwaga nusu lita ya maji kwenye vigae, vuta. Yakibaki michirizi, angalia mdomo: umepinda, umelika upande mmoja, au kidirisha cha plastiki kimelegea skrubu. Kaza polepole, plastiki hupasuka.

Bado kuna shida? Tafuta yako hapa

*Inavuta vizuri dakika kumi kisha inafifia.* Wavu wa boya unajaa nywele, au povu linapanda. Fungua uone. Nywele utazishika, povu utaliona.

*Sauti inapanda inavyotakiwa lakini zulia limelowa.* Unaivuta fimbo haraka. Mstari mmoja wa kunyunyiza ufuatwe na miwili au mitatu ya kuvuta tupu, polepole, mdomo umelala bapa. Wakati wa masika ongeza mmoja na uweke feni.

*Maji safi yanatoka kwa kukohoakohoa.* Huo ni upepo upande wa pampu. Kagua kama mrija wa kunyonyea umezama, chujio halijaziba, na oringi (raba ya duara) ya kiungo chake ipo. Haihusiani na mota ya kuvuta.

*Povu linatoka ingawa sikutia sabuni kabisa.* Rudi hatua ya 1 na ya 4. Vuta maji matupu ndoo nzima kwanza ili kuosha mpira wako, pengine sabuni ni ya zulia la jana.

*Mashine ilikuwa nzima jana, leo haivuti.* Angalia mambo ya aibu kwanza: koki umeisahau wazi, mfuniko haujakaa kwenye mfereji wake, boya limegandamana juu na uchafu wa jana. Jioni suuza tangi, vuta upepo mkavu dakika 2, na uiache ilale mfuniko ukiwa wazi ili raba ipumzike na ndani pakauke.

Na kama hatua ya 7 hadi 10 zote umezipita, tangi limefunga, udi haukupinda popote, na bado sauti haipandi, hapo ndipo mota inaposhukiwa. Ipeleke kwa fundi wa mota na umwambie hivi: "Nimeziba kwenye tangi, haivuti, mfuniko na koki nimeshazipima. Niangalizie makaa, beringi na mapanga." Akitaka kukuuzia mota mpya kabla ya kuifungua iliyopo, mwombe aifungue mbele yako.